Ebenyo, Aliyebariki Nauli

Mimi nauza chai na mandazi kando ya ua wa uwanja wa ndege wa Lodwar, na nikikuambia kwamba ndege zinanitia kichefuchefu usidhani ni moshi wa mafuta yake. Moshi nimeuzoea. Ni watu. Wanashuka ngazi wamevaa miwani myeusi, wanajaa kwenye mabenchi yangu, wanaagiza chai bila sukari, halafu wanapanga maisha yetu mbele yangu kana kwamba mimi ni birika. Basi leo birika litasema.

Nataka kueleza habari za Ebenyo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye mji mzima sasa unamnong'ona. Wanasema aliuza watu. Wanasema alikula hongo. Shenzi sana! Wengi wanaosema hivyo hawajawahi kumpa mgonjwa hata maji ya kunywa.

Ebenyo ni mtu wa Lokitaung. Alizaliwa kwenye mbuzi na ngamia, na ukame ulipowafagia wote, yeye bado kijana, aliteremka hadi Kalokol akajifunza kutupa nyavu. Ndugu zake walimcheka mpaka wakachoka, maana kwetu mtu anayekula samaki ni mtu ambaye mifugo imemshinda. Alivua, akakausha, akapakia magunia kwenye lori akayapeleka Kakuma kuwauzia Wakongo wa kambi ya wakimbizi, ambao samaki mkavu kwao ni sikukuu. Pole pole akanunua mbuzi tena, akamwachia ndugu yake mmoja awachunge. Huko Kalokol ndiko alikomwoa Nakeno, mwanamke mfupi, mweusi ti, mwenye mdomo. Nakeno hajawahi kumwita "mume wangu". Humwita "huyu mtu wa samaki", na akisema hivyo macho yake yanalainika, basi wewe unaelewa.

Kitu ambacho Mungu alimpa Ebenyo kuliko sisi wengine ni sauti. Kwetu mkutano hauishi bila baraka. Mzee anasimama na fimbo yake, anataja jambo, na watu wote wanamwitikia kwa pamoja kwamba limekuwa. Anasema mvua inyeshe, tunaitikia imenyesha. Anasema watoto wakue, tunaitikia wamekua. Na hakuna kuchagua. Ukiombwa kubariki kitu kilicholetwa mbele ya watu, unakibariki, hata kama ni pikipiki ya mtu mliyegombana naye asubuhi. Sisi tunaoitikia nasi hatuchambui. Anayenyamaza katikati ya baraka ataulizwa ana nia gani na watoto wa watu. Ebenyo aliitwa kila mahali, kwa chifu, harusini, kisima kikichimbwa, duka likifunguliwa. Akisimama yeye, watu huitikia mpaka mbwa wanaondoka.

Mwaka jana Nakeno akapatikana na saratani ya titi. Daktari wa Eldoret alimpangia dawa ya kupitisha mshipani, kila baada ya wiki tatu, akamwonya waziwazi: kabla ya dawa tunapima damu, na ukifika umedhoofika na damu iko chini, dawa hatukupi, unarudi nyumbani hivyo hivyo, na ugonjwa unapata nafasi. Hapo ndipo jambo lote lilipokaa. Haikuwa kufika Eldoret tu, ilikuwa kufika na nguvu. Kwa ndege, unapanda jua likiwa juu na mchana huo huo uko kitandani unapimwa. Kwa basi ni mchana na usiku, vumbi, mashimo, kukaa Kainuk mkingoja askari wa kusindikiza msivamiwe na majambazi, na mwanamke mgonjwa anatapika ndani ya kopo mbele ya wanaume asiowajua. Basi Ebenyo akaapa kwamba Nakeno atapanda ndege.

Kule kliniki Nakeno alijipatia rafiki, Samsam, mjane Msomali anayeuza vitambaa kambini Kakuma, mwenye ugonjwa ule ule. Samsam yeye alikuwa anakwenda kwa basi. Tena mkimbizi hata basi hapandi mpaka apewe kibali cha kutoka kambini. Mara nyingine alifika akapewa dawa, mara nyingine akarudishwa. Wawili hawa walikuwa wanapigiana simu kila jioni, wanatukana ugonjwa, wanacheka. Nilikuwa nawasikia kupitia ukuta.

Sasa njoo kwenye uchafu wenyewe. Ndege zinazotua kwetu ni za kampuni mbili. Majina yao ya kweli siyataki mdomoni. Moja imechorwa ndege mdogo mkiani, naiita Mbayuwayu. Nyingine nyeusi kwa nyeupe, naiita Kunguru. Zamani zilishindana, na nauli ya kwenda tu ilikuwa mbuzi wawili wazuri. Ebenyo anampigia ndugu yake simu Lokitaung, mbuzi wanauzwa, Nakeno anapanda. Kisha siku moja meneja wa Mbayuwayu, Boris, akaja kukaa kwangu pamoja na mwenzake wa Kunguru.

Huyu Boris si mgeni. Ni mtoto wa hapa hapa, mama yake alikuwa anasuka vikapu nyuma ya soko, namjua tangu anatembea na kamasi. Sasa ana tai. Namimina chai, nasikia anasema, "Nyinyi pandisheni Jumatatu, sisi tupandishe Alhamisi, isionekane tumekaa pamoja." Wakacheka. Wakagongana mikono juu ya mandazi yangu! Wiki hiyo hiyo nauli ikawa mbuzi wanne, kwa zote mbili. Ukiuliza huku unaambiwa mafuta yamepanda, ukiuliza kule unaambiwa maneno yale yale, na msichana wa tiketi hata haoni haya.

Kumbe sheria inasema makubaliano ya namna hiyo lazima yapelekwe Nairobi kwa watu wa leseni, wayakubali au wayatupe. Basi wakayapeleka, wameyavisha nguo ya Jumapili: eti kampuni zisipopatana nauli zitapata hasara, na ndege zitaacha kuja Turkana. Tuwaonee huruma! Wakati huo huo Abdiladif, tajiri wa malori wa Kakuma, alikuwa ameleta ndege yake ndogo, anaomba kibali cha kuirusha Kakuma, Lodwar na Eldoret kwa nauli ile ya zamani. Bila kibali, ndege ilikaa tu Kakuma imefunikwa turubai, kuku wa watu wanalala chini yake. Watu wa leseni wakatangaza kwamba watakuja Lodwar kusikiliza wananchi juu ya mambo yote mawili, kisha waamue.

Tulikwenda wote. Samsam alikuja kutoka Kakuma pamoja na watu wa Abdiladif. Mkubwa wa wageni alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya upole, anakunywa maji ya chupa kidogo kidogo. Mimi nilisimama nikasema nilichosikia kwa masikio yangu, Jumatatu na Alhamisi, yote. Samsam akasema, "Mimi ni mgonjwa. Basi inaniua mbele ya ugonjwa. Hii ndege ya Kakuma, ruhusu iruke." Watu wakapiga makofi. Yule mama akaitikia kwa kichwa, akaandika. Nikajisemea, haya, leo tumesikilizwa.

Mkutano ukafika mwisho. Boris akasimama, mpole ajabu, akamwendea Ebenyo aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake pamoja na wazee, akainama, akamwita Apa, yaani baba.

"Apa, tufungie kwa baraka. Waombee wageni wetu wafike salama. Ombea mvua. Waombee wagonjwa. Na hizi ndege, na makubaliano yetu yaliyotuleta hapa, yaombee pia."

Na Ebenyo angefanya nini? Ameombwa mbele ya watu. Mzee wa kwetu anayebariki hawezi kusema hiki ndiyo, hiki hapana, kama anayechagua nyanya sokoni. Akasimama na fimbo yake. Kwa Kiturkana akasema wageni wafike, tukaitikia wamefika. Mvua inyeshe, imenyesha. Wagonjwa wapone, wamepona, na hapo niliona Nakeno akiitikia kwa nguvu zake zote. Ndege zisianguke, hazikuanguka. Makubaliano yasimame. Na sisi sote, hata mimi niliyekuwa nimetoka kuyatukana makubaliano hayo, isipokuwa Samsam asiyeelewa lugha, tukanguruma: yamesimama!

Boris alikuwa ameinama sikioni mwa yule mama, anatafsiri. Mama akatabasamu, akaandika tena.

Uamuzi tuliusikia redioni. Abdiladif amenyimwa kibali. Makubaliano ya nauli yamepitishwa, kwa kuwa, na hapa mtangazaji alisoma polepole, ingawa watu wachache walilalamika, mwisho wa mkutano wakazi wote wakiongozwa na mzee wao waliunga mkono makubaliano kwa kauli moja.

Nilitema mate chini. Ndiyo, ndani ya hoteli yangu mwenyewe. Unamchukua mtu baraka yake unaigeuza kura? Hata mwizi wa mbuzi anajua kuna mahali hapaibwi. Na yule mama wa Nairobi na upole wake wote, alishindwa kuuliza mtu mmoja tu, jamani hii mliyofanya ni nini? Ingemgharimu nini kuuliza? Alitaka jibu jepesi la kubeba nyumbani, Boris akamfungia vizuri.

Ebenyo alikuja kwangu. "Nakiru, mimi ndiye nimemfungia Nakeno njia?"

"Si wewe. Ni yule nyoka wa tai."

"Mdomo ni wangu," akasema. Hakutaka chai.

Abdiladif akakata rufaa. Akaja mwenyewe Lodwar, akakaa chini na Ebenyo kwa heshima, akamwambia rufaa itasikilizwa Kakuma, na kitu kimoja tu kinahitajika: mzee mwenyewe asimame aeleze kwamba baraka si kukubali. Wakisikia hilo kutoka kwake, uamuzi wote hauna miguu. Ebenyo akasema atakuja hata kwa kutambaa. Jioni Samsam akampigia simu, nikasikia sauti yake kupitia ukuta, "Abo, baba yangu, Mungu akupe maisha. Mimi nakutegemea wewe." Ebenyo akamjibu, "Nitasema, binti yangu. Nitasema."

Lakini rufaa haina haraka, na saratani inayo. Siku ya Nakeno ya kliniki ikafika, na mbuzi waliobaki kule Lokitaung walikuwa majike wenye maziwa ya watoto wa ndugu yake. Wakapanda basi. Walikwama kwenye lugga, mto mkavu uliojaa maji ghafla, wakalala barabarani, na Nakeno alipofika Eldoret alibebwa mgongoni. Damu ikapimwa. Dawa akanyimwa. Wakarudi kwa njia ile ile. Nilipomsaidia kushuka pale stendi nilidhani nimeshika mtoto. Bado akanitania, "Nakiru, huyu mtu wa samaki amenianika vizuri, sasa anaweza kuniuza Kakuma." Nikacheka, nikageuka, nikalia.

Daktari alikuwa amemwambia Ebenyo kando kwamba akikosa tena mara mbili hivi, asisumbuke kumleta.

Habari katika mji wetu hazilali. Boris akaja. Mchana kweupe, na gari la kampuni, na kilo mbili za sukari mkononi. Mimi nilikuwa uani kwa Ebenyo nafua nguo za Nakeno, mwenyewe amelala ndani.

"Ejok, Apa."

"Ejok."

"Tumesikia mama anaumwa. Kampuni imeumia sana." Naapa alisema hivyo, kampuni imeumia. "Tunataka kumpa kiti. Kwenda na kurudi, mpaka dawa zake ziishe. Bure."

Boris akatoa simu yake mfukoni, akamwelekezea kamera.

"Jambo dogo tu. Useme hapa, wewe ni Ebenyo, ndiye uliyeongoza wazee siku ile, na kwamba mlikubali, na nauli ni sawa. Maneno machache. Ni ya kumbukumbu ya kampuni."

Nilisimama na povu mikononi. "Boris! Mama yako yuko hai? Anajua unafanya kazi gani? Toka! Apa, usikubali, huyu anataka kwenda kuyacheza Kakuma, akuzibe mdomo!"

Boris hakunitazama hata. Alikuwa ananyoosha tai yake. Ni Ebenyo aliyenigeukia, na sijawahi kuona uso wa mtu mzima umekuwa vile.

"Nakiru," akasema, "wewe unaweza kumpandisha ndege?"

Nilikuwa na sufuria mbili, mabenchi na birika.

"Na Abdiladif anaweza? Ndege yake inaruka?"

Akaitazama ile simu. Akasema. Sauti ile ile ya kubarikia, ila safari hii hakuna aliyeitikia. Boris akamwambia arudie, kuna kuku aliyelia katikati. Akarudia! Alipomaliza Boris akasema asante, Apa, akaacha sukari juu ya jiwe, akaondoka. Nikaichukua ile sukari nikaimwaga nje, mbuzi wa njiani wakailamba, na hata wao niliwaona wachafu.

Nakeno aliambiwa kampuni imesaidia. "Imeingiwa na nini?" akauliza. Lakini akapanda. Damu yake ilikuwa juu, akapewa dawa. Akapanda tena. Akaanza kula, akaanza kugombana na majirani, nikajua anarudi. Ebenyo alipoitwa kubariki duka jipya la simu alisema ana kikohozi. Alipoitwa harusini alisema ana kikohozi. Mtu huyo hakukohoa hata mara moja.

Siku ya rufaa nilikwenda naye Kakuma. Hakutaka kwenda. Alikwenda kwa sababu alikuwa ameahidi, na kwa sababu Abdiladif alimtumia gari. Ukumbi ulijaa watu wa kambini na wa mjini, kina mama wa Kisomali mbele, Wakongo wateja wake wa samaki wanampungia mkono. Samsam alikuwa amepata kiti cha pembeni, amekonda, shuka limemzidi. Alipomwona Ebenyo akanyanyuka kidogo akaweka mkono kifuani.

Abdiladif akaeleza shauri lake, kisha akasema, "Mzee aliyeongoza siku hiyo yuko hapa. Mumsikilize mwenyewe."

Ebenyo akasimama. Kabla hajafika mbele, wakili wa zile kampuni mbili akanyanyuka naye, akaomba kwanza watazame kitu kifupi. Wakakiweka ukutani, kikubwa, kila mtu akaona: uani kwake, nguo za Nakeno nilizokuwa nafua zinaning'inia nyuma, na Ebenyo anasema kwa sauti yake nzuri kwamba walikubali, na nauli ni sawa.

Ukumbi wote ulivuta pumzi. Mwenyekiti wa rufaa akamwuliza, "Mzee, hii ni sauti yako?"

Boris alikuwa amekaa mstari wa pili. Aliinua tu vidole viwili, akavilaza gotini, taratibu, kama anayekuna. Mimi niliviona na Ebenyo aliviona. Safari mbili za Nakeno zilikuwa zimebaki.

Ningependa kukuambia kwamba alipaaza sauti akawaumbua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeuma kanga yangu nikimwombea aseme. Na nikimwombea asiseme. Ebenyo aliegemea fimbo yake, akatazama chini.

"Ni sauti yangu," akasema.

"Ulilazimishwa na mtu?"

"Hapana."

Akarudi kukaa. Wateja wake wa samaki wakageuza nyuso. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi, mwingine akasema kwa sauti amekula huyo. Abdiladif alikusanya vitu vyake bila kumtazama, akatoka nje kwenda kusimama na simu yake juani. Wenye kusikiliza rufaa walinong'onezana muda mfupi tu, wakaitupa pale pale. Ikawa imekwisha. Walionekana wamefurahi kwamba wataiwahi ndege ya jioni kule Lodwar, na nilitamani kuwatapikia viatu.

Nje, Ebenyo alisimama kwenye kivuli cha ukuta hana pa kwenda, maana gari la Abdiladif lilikuwa limeshaondoka. Samsam akaja. Watu wakatazama, wakingoja amtukane, na nadhani Ebenyo naye alikuwa anangoja hilo, tena kwa hamu. Alivua kofia yake.

"Binti yangu," akaanza.

Samsam akamkatiza. "Nakeno anaendeleaje?"

"Anakula," Ebenyo akasema. "Anakula hata ugali sasa."

"Alhamdulillahi." Akafunga vizuri fundo la shuka lake begani, akakohoa kidogo. "Mwambie nitampigia jioni. Mimi basi langu ni Jumapili."